Mafuta ya Upako, Maji ya Kombe na Mapenzi ya Mola

Leo tuweke pembeni singo, liwa na mitindo ya mashela. Kuna jambo linazungumzwa sana kwenye majamvi ya hina, na kila likizungumzwa linaharibiwa.

Nasema juu ya zile video za manabii zinazozunguka kwenye magrupu yetu. Mnazijua. Bwana wa suti ameshika kipaza sauti, anamnyooshea kidole mwanamke na kumwambia kabla mwezi haujaisha mume wake atabisha hodi, au tumbo lake litafunguka. Mwanamke anaanguka, ukumbi mzima unapiga kelele, na chini ya kioo inapita namba ya kutumia sadaka. Anayeirusha kwenye grupu anaandika "hawa Wakristo!" na vikaragosi vitatu vya kucheka, wenzake wanaongeza vyao.

Mimi huwapaka watu hina, na mtu akishanyooshewa mikono saa mbili husema mengi. Kwa hiyo najua kwamba wanaocheka si wote wanaocheka kweli. Wapo wanaocheka mchana kwenye grupu, na usiku wanauliza nani anakwenda Dar wiki hii awaletee chupa moja ya mafuta ya upako, kwa siri, mume asijue, mama mkwe asijue. Miaka mitano ndani ya ndoa bila mtoto ni miaka mirefu. Siwalaumu kwa kuumwa.

Ila kwa maoni yangu, anayecheka na anayeagiza chupa wamekosea kitu kimoja. Wote wawili wameamini kwamba yule bwana wa suti anafundisha Ukristo. Anachouza ni ahadi kwamba Mwenyezi Mungu anaweza kulazimishwa, ukilipa kiasi fulani, ukikanyaga pahala fulani, ukipokea kwa sauti fulani. Ahadi hiyo Uislamu unaikataa, na vitabu vya Wakristo wenyewe vinaikataa.

Naona baadhi yenu mmeshakunja uso. Sitetei itikadi. Itikadi zetu zinatengana mahali pakubwa: wao wanamwita Isa mwana wa Mungu na wanaamini alisulubiwa, sisi tunasema ni mja na Mtume, na kwamba Mola alimnyanyua kwake. Hilo halifunikwi kwa tabasamu wala kwa chai ya jirani. Lakini uadilifu tumeamrishwa hata kwa watu tunaochukiana nao, sembuse majirani tusiokuwa na ugomvi nao. Na kumsingizia mtu asilolisema ni dhulma, awe wa dini gani.

Basi tuseme wanachokisema.

Katika Injili zao, kwenye Mathayo, Marko na Luka, kuna usiku mmoja kabla ya kukamatwa kwa Isa. Yuko bustanini, Gethsemane, ana huzuni kubwa, wafuasi wake wamelala. Anaomba kikombe kile kimwondokee. Kisha anamwachia Mola, akisema yafanyike anayoyataka Mola na si anayoyataka yeye. Kwa simulizi yao wenyewe, kikombe hakikuondoka. Sisi hatukubaliani nao juu ya kilichofuata, lakini angalieni wanavyofundishwa kuomba: unaomba unachokitaka bila aibu, halafu unakubali jawabu lisiwe lako. Ile sala wanayoisoma kanisani kila wiki, ile ya Baba Yetu, ina ombi hilo hilo, kwamba mapenzi ya Mungu yatimie duniani kama mbinguni. Anayeisoma sala hiyo kisha akasimama kudai mume ifikapo tarehe thelathini, ana mambo mawili yanayopingana mdomoni.

Na Paulo? Huyu ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya barua zilizomo kwenye Agano Jipya, hakuna mhubiri wao anayeweza kumpita kwa cheo. Katika barua yake ya pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba alikuwa na jambo likimtesa mwilini, analiita mwiba. Aliomba mara tatu aondolewe. Hakuondolewa. Aliambiwa neema inamtosha. Sasa huyo hakuondolewa mwiba wake, na wewe uambiwe hujapona kwa sababu imani yako ndogo au sadaka yako haikufika?

Kuna kisa kingine nakipenda zaidi, kimo kwenye Matendo ya Mitume, mlango wa nane. Mchawi mmoja wa Samaria anaitwa Simoni aliwaona wanafunzi wa Isa wakiwawekea watu mikono. Akatoa pesa, akataka auziwe uwezo ule. Petro alimkemea vikali, akamwambia fedha yake ipotee pamoja naye kwa kudhani kipawa cha Mungu kinanunuliwa. Kanisa lilimkumbuka kwa ubaya mpaka jina lake likawa jina la dhambi: kuuza na kununua mambo matakatifu huitwa simonia mpaka leo. Kwa hiyo Mkristo anayejua dini yake akiona chupa ya mafuta ina bei, hahitaji Muislamu amwambie kuna kasoro. Kitabu chake kimeshasema.

Haya si mambo ya kubishana kwa ajili ya kushinda tu. Watu wamekufa. Tarehe 1 Februari 2020 kule Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita juu ya mafuta yaliyomwagwa yabarikiwe. Walikwenda kuomba, na wengine walifuatana na watoto. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani hii hii yetu, yalifukuliwa maiti zaidi ya 400. Mhubiri wao, kwa mujibu wa mashitaka, aliwaambia wafunge wasile mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kumbukeni kwamba katika Injili ya Mathayo, Shetani anamwambia Isa ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa sababu Mungu atatuma malaika wamdake, na Isa anakataa, anasema Mungu hajaribiwi. Kwa hiyo na wale wa Shakahola waliambiwa kinyume cha kitabu walichokuwa wamekishika mkononi.

Wala bei ndogo si ushahidi wa usafi. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda magari kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Walikwenda Wakristo na Waislamu, wakubwa na wadogo. Shilingi 500 haimtajirishi mtu haraka, na huenda mzee yule aliamini alichokisema. Lakini mgonjwa anayeacha dawa zake kwa sababu ya ndoto ya mtu mwingine haulizwi na maradhi kama mwenye ndoto alikuwa mkweli.

Sasa tuje nyumbani, maana ni rahisi kuwachambua watu wa ng'ambo ya maji.

Tofauti ya mafuta ya upako na yale tunayouziwa sisi ni kofia tu. Hapa Unguja na Pemba yupo anayejiita sheikh, ana tasbihi ndefu na simu mbili, anakuangalizia nyota, anakwambia umefungwa na shangazi yako, kisha anataja bei ya kufunguliwa. Kuna kombe la wino wa zafarani linalouzwa kwa ahadi ya mtoto wa kiume. Kuna wanaokupigia ruqya kwa simu baada ya pesa kuingia. Kisomo ni haki, na dua ya mgonjwa ni sunna, sina neno hapo. Neno langu liko kwenye ahadi. Mtume (S.A.W.) amekataza kwenda kwa mtabiri, na ameonya kwamba anayemwendea na kumuuliza jambo sala zake za siku arubaini hazikubaliwi. Hakusema mtabiri akivaa kanzu ni sawa.

Kuna tukio moja katika sira ambalo natamani lisimuliwe kwenye kila hina badala ya kisa cha nyoka mwenye macho mekundu. Mwaka wa kumi wa Hijra alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, aliyezaa na Bi Maria. Mtume alimpakata, akalia. Watu wakashangaa kumwona analia, naye akawaambia kuwa hiyo ni huruma, jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Siku ile ile jua likapatwa. Madina ikaingia giza mchana. Watu wakasema, kwa mapenzi tu, jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wa Mtume.

Tafakarini nafasi hiyo. Hakuhitaji hata kusema uongo. Angenyamaza tu, na habari ingefika Yemen kabla ya wiki kwamba mbingu zimemlilia mwanawe. Yeye, na msiba wake mbichi, alitoka akawasalisha, kisha akawaambia jua na mwezi ni alama mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu yeyote. Akawakatalia muujiza waliompa bure.

Kwangu mimi hapo ndipo pa kumpimia mtu yeyote anayesimama na kusema Mungu amemtuma kwako, awe na msalaba au tasbihi. Ukimpa sifa isiyokuwa yake, anaikataa au anaipokea? Ukipona, anasema Mola amekuponya au anachukua picha yako kuitangaza? Na usipopona, kosa analiweka wapi? Wauzaji wa miujiza hulitupa kwako: hukuamini, hukutoa, umevunja masharti. Biashara ya namna hiyo haipati hasara hata siku moja.

Basi kujisalimisha ni nini, ikiwa hatuwezi kununua jawabu? Hapa nina ugomvi na upande wa pili, wa wale wasiouza kitu. Maana neno qadar nalo linatumiwa vibaya, na wanaoumia zaidi ni wasichana wa umri wa kuolewa.

Msichana anasema simtaki huyu bwana. Anajibiwa, ndiyo qadar yako, ridhika. Mke anarudi kwao na jicho limevimba. Anaambiwa, subira, Mungu ndiye aliyekuandikia. Nimesikia kwa wanawake wa Kikristo kwamba na wao wana yao: wanasomewa sehemu ya barua kwa Waefeso inayowataka wake wawatii waume, na msomaji anaishia hapo. Haendelei mbele mume anapoamrishwa ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, wala haanzi mstari wa juu yake unaowataka wote wanyenyekeane. Aya inakatwa kama kitambaa, kinachukuliwa kipande kinachomtosha mkataji.

Kwetu sisi majibu yapo, na ni ya wanawake wenyewe. Khansa binti Khidam aliozwa na baba yake bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume kushitaki, na Mtume akaivunja ndoa ile. Hakumwambia ni qadar yako. Na Barira, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alichagua kuachana na mumewe Mughith. Masikini Mughith alikuwa akimfuata njiani Madina analia mpaka machozi yanachuruzika kwenye ndevu. Mtume akamwonea huruma, akamwomba Barira amrudie. Barira akauliza swali ambalo ningependa kila mwari alijue: unaniamrisha? Akajibiwa hapana, ninamwombea tu. Akasema basi simhitaji. Na hakuna aliyemkasirikia.

Mwanamke aliyetoka utumwani juzi aliweza kutenganisha amri ya Mungu na maombi ya mtu, na mtu mwenyewe alikuwa ni Mtume. Sisi leo hatutenganishi amri ya Mungu na matakwa ya ami.

Na kwa wanaodhani kuridhika ni kukaa kitako: Sayyidna Omar alikuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia qadar ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu kwamba anakimbia kutoka qadar ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadar ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo dada yangu ambaye mtoto hajaja, kwenda Mnazi Mmoja kupimwa, na mume naye akapimwa (hapo ndipo penye vita, najua), hakupunguzi tawakkul yako hata chembe. Unakwenda, unatibiwa, unaomba usiku wakati hakuna anayekusikia. Nabii Zakaria alipoomba mtoto uzeeni, Qur'ani inatuambia alimwita Mola wake kwa siri. Kisa chake wanacho pia Wakristo kwenye Luka. Hakukodi uwanja.

Istikhara nayo imekuwa na yake. Ni rakaa mbili na dua. Ndani ya dua hiyo unamwomba Mola, kama jambo hili ni kheri kwako akurahisishie, na kama ni shari akuepushe nalo, kisha akupangie kheri popote ilipo na akuridhishe nayo. Hakuna ndoto ndani yake. Hakuna nguo ya kijani wala nyeupe, na hakuna mtu wa kumlipa akuswalie halafu akuletee majibu asubuhi. Aliyeposwa ni wewe, swali wewe. Kisha uliza watu wanaomjua huyo bwana, na uangalie anavyomjibu mama yake.

Lipo moja la mwisho, na hili limenikera msimu huu mzima wa harusi. Siku hizi tunawapata maharusi wengi waliosilimu, na mama zao ni Wakristo. Mama anakuja kwenye hina ya mwanawe, anakaa pembeni, kitenge kipya, hajui nyimbo zetu. Na sisi tunaanza. Video inapita mkono kwa mkono, mafuta ya upako, keki ya upako, kicheko, "hawa manabii wenu wana mambo". Mama wa watu huenda ni wa Minara Miwili au wa Mkunazini, amesali kwa padri yule yule miaka thelathini, hajawahi kununua chupa yoyote, na huwenda anawachukia wale mabwana wa suti kuliko sisi. Lakini atasemaje, naye ni mgeni kwenye jamvi letu, na binti yake ndiyo kwanza anaingia kwa watu?

Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye alikuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume je, nimuunge? Akaambiwa ndiyo, muunge mama yako. Ikiwa ndivyo kwa aliyeabudu masanamu, sijui tunapata wapi ruhusa ya kumdhalilisha mama anayemwomba Mungu mapenzi yake yatimie, siku anayomtoa mwanawe aende kwenye dini asiyoijua. Nani pale amejisalimisha zaidi ya yeye?

Mkitaka kujua Wakristo wanafundishwa nini, muulizeni huyo. Muulizeni aliombaje binti yake alipomwambia anasilimu. Mpisheni akae karibu na mwanawe, mpakeni na yeye hina akipenda, na hiyo simu iwekeni kwenye mkoba.

Wabillahi tawfiq.